Mungu Aliyeshtakiwa kwa Vyama Vingi

Kwanza zimeni hiyo mikrofoni. Ndiyo, wewe mwenye shati la kumetameta, zima. Mmekuja hapa kwangu Mikelenge, mtaa huu wa Kindu, na pikipiki na vumbi lenu, mnaniomba nieleze kazi ya katekista ilikuwa namna gani zamani, ili msome kwenye semina yenu ile ambayo muntu anaingia asubuhi hajui kitu na jioni anatoka mchungaji. Fundi wa kinga, za baiskeli, pale sokoni anamkalisha mwanafunzi wake mwaka mzima akipangusa mafuta tu, kabla hajamruhusu kugusa gurudumu la mteja. Lakini Mungu, a-a, Mungu ni kazi nyepesi: siku moja na sahani ya wali.

Andikeni kama ninavyosema. Masomo yangu yaliishia kalasi ya nne ya primeri, pale mwalimu wetu alipotoroka na mke wa karani wa reli. Hiyo ni hadithi nzuri kuliko hii, lakini haimo ndani ya kazi.

Jina langu mnalijua, Ramazani. Na ninajua mnacheka mkigeuka: katekista wa misioni, Ramazani! Mimi nilibatizwa Paulo. Halafu ikatoka amri kwamba majina ya kigeni yatupwe, kila mwananchi wa Zaire achukue jina la mababu. Babu yangu aliitwa Ramazani, alivaa kanzu, aliswali kila siku, na angeniona na rozari angenichapa nayo. Basi nikaingia ofisini Paulo mkatoliki, nikatoka Ramazani mkatoliki. Karani aliniuliza, "Hili jina njo ya mababu?" Nikamwambia ndilo, la babu kabisa. "Basi iko otentike, ya asili," akasema, akapiga muhuri. Jina limetoka Uarabuni na misafara ya pembe za ndovu, lakini yeye alijali nini? Padri superieri, mkubwa wa misioni, alicheka hadi akaketi juu ya ngoma.

Aliyenifundisha kazi hakucheka. Huyo alikuwa Mzee Kikuni, katekista mkubwa wa Mikelenge, Mrega wa upande wa Pangi, mfupi, kipara, sauti yake ndogo kama ya muntu anayenong'ona bei ya muhogo jirani asisikie. Ujana wake wote alimsaidia padri mmoja mzee wa kizungu aliyejua Kiebrania. Padri alimuuliza maneno ya Kiswahili, na yeye alimuuliza padri mambo ya Waebrania, na kila mmoja alifikiri amemnyonya mwenzake.

Siku ile ya jina nilienda kwake kulalamika.

"Unalilia jina?" akaniambia. "Huyu Mungu unayemufundisha, na yeye alikuwa na jina ingine. Anamuambia Musa kwa kinywa chake mwenyewe: wazee wako Abrahamu na Isaka na Yakobo walinijua kwa jina ingine, hili la leo hawakulijua. Sasa kama yeye alivumilia, wewe njo nani?"

"Lakini Muzee, kwake ni jina tu lilibadilika."

"Nani alikuambia ni jina tu?" akasema, akaenda kumwagilia mboga zake za lengalenga.

Ndiyo namna aliyofundisha. Anakutupia mfupa, anakuacha nao. Ninyi mnataka nyama iliyokwisha kutafunwa.

Sasa kazi yenyewe, andikeni. Usiwaulize watu kama wameelewa. Watasema ndiyo, hata mbuzi wa jirani atasema ndiyo. Muambie aliyefika mapema amhadithie aliyechelewa, nawe ukae kimya ukikuna goti. Pale utasikia ulichofundisha kweli, na utaona haya. Usisimame ukawainamia wamama walioketi. Usifundishe jua likiwa utosini. Usianze na nyimbo tano, kwa sababu nyimbo tano ni za mwalimu ambaye hakutayarisha kitu, na ninyi siku hizi nimewahesabia kumi na mbili. Na kama una zile picha za kitambaa cha kukunja, picha ya kwanza usiifungue kabisa. Mungu alichorwa mzungu mzee mwenye ndevu juu ya wingu. Ukiifungua tu, somo limekwisha, kalasi nzima inabishana kama huyo ni kaka wa padri superieri au ni mdogo wake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa Kemoshi. Nilikuwa ninafundisha Yefta, yule mkubwa wa vita wa Waisraeli. Yefta anamtumia mfalme wa adui maneno haya: wewe kaa na nchi aliyokupa mungu wako Kemoshi, nasi tukae na ile aliyotupa Mungu wetu. Nikasoma vizuri, nikafunga kitabu, nikataka kuimba. Mama Feza akainua mkono. Huyu alikuwa mke wa Mzee Kikuni, muuza samaki wa moshi wa Lokandu. Alikuja kwenye kalasi yangu kusudi aende kumhadithia mume wake namna nilivyoharibu.

"Katekista, huyu Kemoshi na yeye iko anagawa nchi?"

"Hapana, mama. Kemoshi ni shetani."

"Yefta njo alisema ni shetani?"

"Hapana, hakusema."

"Sasa nani alisema?"

"Mimi."

"Aaa," akawaambia wenzake, "kumbe leo tunasoma kitabu cha Ramazani."

Walicheka mpaka kuku wakatoka chini ya benchi. Jioni Mzee akaniita.

"Usimutilie Yefta maneno mdomoni," akasema. "Yefta alisema kile alichoamini. Kwake kila taifa iko na mungu wake, na kila mungu iko na nchi yake. Ni kama sisi: mizimu ya ukoo wako iko na kazi gani kwenye pori ya ukoo wangu? Yefta alijua wa kwake njo mwenye nguvu. Kwamba njo peke yake, hiyo hakuijua bado."

"Muzee, ukurasa wa kwanza kabisa wa Biblia unasema yeye peke yake aliumba mbingu na dunia! Yefta yuko mbali kule ndani. Alisahau?"

Akanishika mkono, akanitoa nje mbele ya nyumba yake. Ninyi mmezaliwa kwenye nyumba za Kindu, mnajua tunavyojenga. Muntu anaanza na chumba kimoja cha kulala. Akipata kidogo anaongeza cha pili. Baraza na nguzo zake inakuja mwisho kabisa, wakati mwenye nyumba amekwisha kuwa na mvi.

"Hii baraza, ulipokuja kwangu mara ya kwanza ilikuwa hapa?"

"Haikuwa."

"Na mugeni anayefika leo, anaona nini kwanza?"

"Baraza."

"Basi ukurasa wa kwanza njo baraza. Waliijenga mwisho, wakati wamekwisha kupelekwa utumwani Babeli na kujifunza mengi. Chumba cha zamani kiko ndani, giza, moshi kwenye kuta. Yefta alilala mule."

Mimi nilibaki nimesimama kama mti wa umeme usio na waya. Nilikuwa nimefundisha muda wote ule nikifikiri kitabu kilichotangulia kusomwa ndicho kilichotangulia kuandikwa. Baadaye akanionyesha vyumba vingine. Mfalme Daudi alihesabu watu, ikawa dhambi, tauni ikaua. Kitabu cha zamani kinasema aliyemsukuma Daudi ni Mungu mwenyewe kwa hasira. Kitabu kilichoandikwa baada yake, habari ileile, kinasema ni Shetani. Nikauliza, sasa nani mwongo? Mzee akasema hakuna mwongo. Watu walikua, wakaona haya kumbebesha Mungu ubaya ambao baba zao walimbebesha bila kuwaza.

Msikimbilie kusema Mzee Kikuni hakuamini. Ninawaona, midomo imekwisha kufunguka. Aliamini kuliko semina yenu yote ikikamuliwa kwenye kikombe. Alisema Lualaba haiongezeki kwa sababu wewe umepanda kilima ukaona mahali inapopinda. Mto ni uleule. Waisraeli walikuwa wanapanda. Ninyi mnataka wawe waliteremka kutoka mbinguni na ramani mkononi.

Sasa nifike kwa chama, maana ndiko ninakokwenda tangu mwanzo, ila kinga yangu ya maneno haina breki.

Wakati ule chama kilikuwa kimoja. Leo hata wauza makala ya kupikia wa pale kivukoni wana chama na rais na makamu wawili. Zamani, hapana. Muntu alizaliwa ndani ya chama kabla hajakatwa kitovu. Dini ilikuwa imetolewa mashuleni, na kwenye kalasi zetu za misioni walituma vijana wao kusikiliza. Wetu aliitwa Tambwe. Alikuwa sawa na mimi kwa miaka, amevaa ile koti ya chama, abakosti, iliyoshonwa kwa kitambaa cha pazia, na ukimwangalia mgongoni uliona maua. Aliketi nyuma, akakunja mguu, akasikiliza kama muntu anayenusa samaki kabla ya kununua.

Siku hiyo Mzee mwenyewe ndiye alifundisha. Mkatekumeni mmoja, Lubunga, mchimbaji, alikuwa amepata kazi Kalima kwenye machimbo ya bati. Akaja na kopo la maziwa ya unga limejaa udongo wa uwanja wa kanisa.

"Ya nini hii?" Mzee akamuuliza.

"Ninaenda kuomba juu yake, Muzee. Kule Kalima pori si ya kwetu. Huyu Mungu wa hapa atanisikia namna gani chini ya shimo?"

Kalasi ikacheka. Mzee akawanyamazisha kwa mkono.

"Munacheka nini? Huyu njo ndugu ya Naamani!"

Akawaeleza. Naamani, mkubwa wa jeshi la Shamu, aliponywa ukoma na nabii wa Israeli. Alipotaka kurudi kwao akaomba udongo wa Israeli, mizigo ya nyumbu wawili, ili huko kwao amwabudu huyu Mungu juu ya nchi yake mwenyewe. Maana kila mungu alikuwa na udongo wake.

"Na nabii alimukatalia?" Lubunga akauliza.

"Alimuambia aende kwa amani. Hakumutukana, hakumucheka kama hawa. Lakini wewe umezaliwa nyuma ya Babeli, wakati watu wamekwisha kujua udongo wote ni wake, mwanangu. Wewe kopo si lazima."

Lubunga alifikiri sana. Mwishoni akamwaga nusu, nusu akaenda nayo, kwa usalama. Huyo tulimbatiza, na alikuwa mkristo mwenye akili kuliko wengi.

Lakini Tambwe alikuwa amesimama. "Muzee, kwa hiyo wakati ule miungu ilikuwa mingi?"

"Katika vichwa vyao, mingi."

"Kila mmoja na watu wake, na nchi yake?"

"Njo hivyo walivyoona."

"Na nabii aliruhusu?"

"Alimuacha aende, mutoto wangu."

Tambwe akatoka kabla ya sala. Hata wiki haikuisha, Mzee akaitwa ofisini kwa chama. Shitaka: anafundisha wananchi kwamba zamani miungu ilikuwa mingi, kila mmoja na watu wake, na kwamba hiyo haikuwa kosa. Maana yake, anawatayarisha watu kwa vyama vingi.

Chekeni. Sisi hatukucheka. Kilichokuwa mezani kilikuwa hiki: ama Mzee anabaki na kalasi yake na nyumba yake, ama anafukuzwa Kindu, anarudishwa kijijini Pangi alikotoka kijana, ambako hakuwa tena na paa wala shamba, na Mama Feza samaki zake angemuuzia nani, nyani?

Nilimsindikiza. Mkubwa wa chama wa Mikelenge alikuwa Mulamba, mwalimu wa zamani, muntu mwenye akili, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari. Mjinga angempiga Mzee makofi mawili akamwacha. Mulamba alimpa kiti. Tambwe alisimama karibu na dirisha na maua yake.

"Muzee Kikuni, nimesikia Mungu wako iko na wapinzani."

"Alikuwa nao, situwaye. Sasa hana." Situwaye, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoitana kwa amri.

"Wameenda wapi?"

"Ni hadithi ndefu."

"Niko na asubuhi yote."

Basi Mzee akaeleza, na sauti yake ile ya kununua muhogo. Kwanza Mungu wa ukoo mmoja kati ya koo. Halafu Mungu wa taifa moja, mwenye wivu, hataki wake waende kwa wengine, lakini wengine anajua wako. Halafu mfalme mmoja, Yosia, akavunja madhabahu zote za vijijini, akasema sadaka zote zitolewe mji mkubwa, nyumba moja, Mungu mmoja. Mulamba alianza kuinama mbele. Macho yakang'aa. Ghafla akapiga meza.

"Tambwe! Wewe iko mupumbavu! Huyu muzee si adui, huyu ni dhahabu! Unasikia? Mwanzo mingi, kila kabila na wake, vita, damu. Sisi pia hapa Kindu tulikuwa na vyama kila kabila, tukauana, maiti zikapita kwenye mto. Mwisho, kimoja! Hata Mungu mwenyewe alipita njia yetu!" Akamgeukia Mzee. "Jumamosi, nyuma ya kazi ya salongo, utawaeleza wananchi hivyo hivyo. Nitakupa megafoni."

Nikamvuta Mzee shati kwa nyuma: sema ndiyo, twende.

"Sijamaliza, situwaye," Mzee akasema.

"Inatosha."

"Haitoshi. Yosia aliuawa vitani, na madhabahu zake zote alizovunja hazikumusaidia. Nyuma yake mji ulichomwa. Nyumba ya Mungu ilichomwa. Mufalme wa mwisho walimutoboa macho, wakamuvuta na minyororo mpaka Babeli. Zamani zile, mufalme akianguka, mungu wake anaanguka naye, wanamubeba kama kiti. Kila muntu alingoja huyu na yeye afe. Hakufa. Kule utumwani, pembeni ya mto wa wageni, muntu mmoja aliona kiti cha Mungu, na kiti kiko na magurudumu. Unaelewa? Hakikuwa kimefungwa kwenye ile nyumba. Njo pale, wakati hana mufalme, hana nyumba, hana askari hata mmoja, njo pale walisema kwa mara ya kwanza bila kigugumizi: hakuna mwingine. Yosia hakumufanya mmoja, situwaye. Yosia alivunja mawe tu."

Mulamba akachungulia nje. Akamwambia Tambwe afunge dirisha, ingawa kulikuwa na joto la kuiva ndizi.

"Muzee," akasema polepole, "unifanyie heshima. Jumamosi sema mpaka Yosia. Usivuke."

"Niseme nusu ya Mungu?"

"Nusu ya hadithi."

"Ni kitu kimoja."

"Basi sikiliza vizuri. Ukiishia Yosia, unabaki Kindu, unafundisha mpaka ukufe. Ukivuka, Jumatatu unavuka mto na wewe, na kalasi siijui. Umenisikia? Sitaki kukufunga. Usinilazimishe."

Njiani kurudi nilimsihi. Nikamwambia Mungu hatakasirika kwa nusu, hata mtoto anaanza na nusu ya sahani. Mama Feza alipoambiwa, alikuwa anapanga samaki kwenye kikapu. Akamwangalia mume wake, akasema, "Wewe hata nusu ya ugali hujawahi kuacha," akaanza kufunga vyungu kwa kamba.

Jumamosi salongo, ile kazi ya lazima ya kila wiki, ilikuwa ya kuzibua mitaro. Watu wote na majembe yao, matope mpaka magotini. Mulamba ameketi chini ya turubai. Tambwe ameshika megafoni mbele ya mdomo wa Mzee. Mzee akaanza, ukoo, taifa, wivu, na kila alipofika mahali pazuri Tambwe aliinua mkono na watu wakapiga makofi, hawajui wanapigia nini, kama ninyi na amina zenu. Akafika Yosia. Akavunja madhabahu. Makofi makubwa kuliko yote. Mulamba akaanza kusimama kushukuru.

"Sasa," Mzee akasema, "huyu Yosia akafa."

Tambwe akazima megafoni. Lakini yule mzee hakuwahi kupaza sauti maisha yake, na watu wa mbele walikuwa wanafunzi wake. Wakasogea. Aliposema neno, Mama Feza akageuka akawaambia waliokuwa nyuma yake, nao wakawaambia waliochelewa, kama kalasini, mstari kwa mstari mpaka kwenye mitaro. Sitawadanganya kwamba yalifika salama. Kwenye mstari wa mwisho mfalme alikuwa ametobolewa macho na masikio, na amevuliwa abakosti. Lakini kiti chenye magurudumu kilifika chote. Fundi mmoja wa kinga aliniuliza baadaye kama padri anajua yalikuwa mangapi.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyepiga kelele. Mulamba akatoa ishara, ngoma za chama zikaanza, na ngoma zikianza unacheza, la sivyo unaandikwa. Tukacheza na matope yetu. Mimi pia nilicheza, kiuno hiki hiki. Ninyi mnaosema mngesimama imara, nimewaona mkicheza kwa fulana ya bure ya mgombea.

Jumatatu tukaenda kivukoni. Kamyo, lori la mfanyabiashara mmoja Mnande, ilikuwa inangoja ng'ambo ya pili, Alunguli, iende Kalima hadi njia ya Pangi. Tambwe alikuwa ametumwa kuhakikisha kwamba mzee amepanda. Sasa, kwetu kijana hawezi kutembea mikono mitupu karibu na mama aliyebeba mzigo. Mama Feza akaweka kikapu cha vyungu chini mbele yake, akamngoja. Tambwe akaangalia huku, akaangalia huku. Akakibeba kichwani.

"Beba vizuri, baba chama," akamwambia. "Ukivunja chungu utanilipa kwa pazia."

Kwenye baki, ile feri ya kuvuka, tulisimama karibu na injini, wote wanne. Maji yalikuwa mengi, ya udongo. Katikati ya mto Tambwe akainama upande wa Mzee. Hakunificha, labda hakujali.

"Muzee. Wale waliofungwa Babeli. Walirudi kwao?"

"Wengine walirudi."

"Na wengine?"

"Walibaki. Wengi sana walibaki. Walikuwa wamejenga, wameoa, wako na maduka."

"Na Mungu? Alirudi ao alibaki?"

Mzee akamtazama kama alivyonitazama mimi miaka yote ile, akiwa na mfupa mkononi.

"Alirudi na wale, akabaki na hawa. Njo maana walisema ni mmoja."

Alungulini Tambwe akamsaidia Mama Feza kupanda juu ya magunia, akampa vyungu vyake kimoja kimoja, vyote vizima. Kamyo ikaondoka na moshi wake. Mzee hakutupungia mkono. Alikuwa tayari anabishana na dereva juu ya kitu.

Tukarudi wawili kwenye baki, mimi na mshitaki, kama ndugu waliotoka matanga. Tulipofika upande wetu nilitaka kushika njia yangu, akaniita.

"Ramazani. Kalasi ya kesho iko?"

"Sijui bado. Itakuwa. Itabidi iwe."

"Nitakuja."

"Kusikiliza kwa ajili ya chama?"

Akapangusa abakosti yake mahali kikapu kilipoacha mafuta ya samaki.

"Sijui," akasema.

Nikamwambia basi aje mapema, na aje na kiti chake mwenyewe, maana mabenchi yetu chama kilikuwa kimeyachukua tangu Jumamosi, wakubwa wayakalie kwenye salongo, na hakuna aliyeyarudisha.